Nia Iliyowekwa Akiba Chini ya Bahari

Waziri Mkuu wa Uingereza anapoingia madarakani, miongoni mwa kazi zinazomngoja katika siku zake za mwanzo, kabla hajaizoea nyumba wala watumishi wake, ni kuketi peke yake na kuandika kwa mkono wake barua nne zenye maneno mamoja, ambazo mtu mwingine hana ruhusa ya kuzisoma. Barua hizo hutiwa katika bahasha, zikapelekwa Faslane, kituo cha manowari kilichoko magharibi ya Uskoti, na huko kila moja ikafungiwa ndani ya sefu iliyomo ndani ya sefu nyingine, katika nyambizi mojawapo kati ya nne ziendazo kwa nguvu za nyuklia: Vanguard, Victorious, Vigilant na Vengeance. Barua yenyewe ni jawabu la swali moja. Ikiwa London imekwisha kuteketea, na aliyeiandika amekwisha kufa, na waliowekwa kushika nafasi yake nao wamekufa, na hapana tena mtu wa kumwamuru kamanda wa nyambizi, afanye nini na makombora aliyoyabeba? Waliochunguza desturi hiyo wasema kwamba mwandishi ana njia nne za kuchagua: kumwamuru alipize, kumwamuru asilipize, kumwachia atumie busara yake, au kumwamuru ajiweke chini ya bendera ya dola rafiki, kama Marekani au Australia. Waziri Mkuu anapoondoka madarakani barua zake huteketezwa bila ya kufunguliwa, na alichokiandika hubaki baina yake na Mola wake.

Sioni katika mambo yote ya utawala wa dunia ya leo kitu kinachoidhihirisha nia ya mwanadamu, ikiwa peke yake, imetengwa na tendo, kama barua hizo zinavyoidhihirisha. Mtawala yule hakuua mtu, na yamkini asiue kamwe. Walakini ameazimia, na azimio lake limeandikwa, na limekabidhiwa watu wenye uwezo na utiifu wa kulitekeleza baada ya yeye mwenyewe kuwa maiti. Watu wa dini, ambao kwa karne nyingi wamefundisha kwamba tendo la mja halipimwi mpaka itazamwe nia iliyolizaa, na ambao miongoni mwao Imamu Bukhari aliliona jambo hilo kuwa kubwa hata akaifungua Sahihi yake kwa hadithi ya nia, hawawezi kupita kando ya barua hizi wakasema kwamba hayo ni ya wanajeshi. Je, mtu aweza kunuia kwa dhati kuwaua maelfu kwa maelfu ya wasio na hatia, kwa sharti asilotaka litimie, na kwa madhumuni ya kulizuia sharti hilo hilo lisitimie, naye asiwe na lawama mbele ya Mungu? Tangu sasa nasema kwamba jawabu langu ni la, ijapokuwa hoja za wanaosema ndiyo si hoja za wapumbavu, na msomaji ana haki ya kuzisikia zikiwa na nguvu zake zote.

Kwanza na tukitazame chombo chenyewe. Nyambizi za vita viwili vikuu zilikwenda kwa mafuta na betri, na kwa kuwa mafuta hayawaki pasipo hewa, zililazimika kupanda juu mara kwa mara, na hapo ndipo adui alipoziwinda. Tarehe 17 Januari 1955 nyambizi ya Marekani iitwayo Nautilus, iliyoundwa kwa usimamizi wa Hyman Rickover, ilianza safari kwa nguvu za nyuklia: viini vya urani hupasuka ndani ya kinu, joto lake likageuza maji kuwa mvuke, na mvuke ukazungusha mitambo, pasipo moto wowote wa kudai hewa. Mwaka 1958, tarehe 3 Agosti, ilipita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Kisha, tarehe 15 Novemba 1960, nyambizi ya George Washington ilitoka kwa doria yake ya kwanza ikiwa na makombora 16 ya Polaris yaliyoweza kurushwa kutoka chini ya maji, na tangu siku hiyo silaha kubwa kuliko zote na maficho makubwa kuliko yote vikawa kitu kimoja. Waingereza walifuata mwaka 1968 kwa nyambizi ya Resolution. Na tangu Aprili 1969, usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi, haukupita wakati ambapo hapakuwa na nyambizi yao mojawapo iliyojificha baharini na makombora tayari.

Nyambizi za leo za Uingereza zina urefu wa mita 150 hivi, na uzito wake zikiwa chini ya maji ni karibu tani 16,000. Mwaka 2010 serikali yao ilitangaza kwamba kila moja haitachukua zaidi ya vichwa 40 vya nyuklia, na kila kichwa hukadiriwa kuwa na nguvu mara sita au zaidi ya bomu lililoiteketeza Hiroshima. Ndani yake wamo watu wapatao 130. Maji ya kunywa huyapata kwa kuyatoa chumvi maji ya bahari, na hewa ya kuvuta huipata kwa kuyatenga maji kwa umeme; kinachowarudisha nchi kavu ni kwisha kwa chakula na uchovu wa mwili. Doria zilizokuwa za miezi mitatu siku hizi nyingine huzidi miezi mitano. Kila juma baharia hupata kutoka kwa jamaa zake ujumbe mfupi, maneno yasiyozidi 120, yaliyokwisha kupitiwa na mkaguzi, naye hawezi kujibu hata neno moja, kwa sababu chombo kinachojificha hakipazi sauti. Habari mbaya huzuiliwa. Mzazi aweza kufa, akazikwa, matanga yakaanuliwa, na mwanawe aliye chini ya maji asiambiwe mpaka nyambizi irudi bandarini. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyosemwa na wengi, kwani mtu huyu anayenyimwa hata nafasi ya kumlilia mamaye kwa wakati wake ndiye aliyewekwa pale awe tayari kuwatia msibani mamilioni ya mama wa watu wengine.

Hoja ya wanaoitetea silaha hii yafaa isemwe kwa insafu. Makombora yaliyochimbiwa ardhini, na ndege zilizopangwa viwanjani, adui ajua viliko, na aweza kutamani kuviangamiza vyote kwa pigo moja la ghafla. Kwa hiyo mwenye silaha za namna hiyo hukaa roho juu, na akiletewa habari za hatari, za kweli au za uongo, ana dakika chache tu za kuamua ama arushe ama apoteze. Nyambizi huiondoa haraka hiyo. Kwa kuwa haionekani, haipigiki. Kwa kuwa haipigiki, mwenyewe hana sababu ya kutangulia, na adui hana faida ya kuanza. Na hivyo, wasema, hofu ya pande mbili huzaa utulivu ambao mapenzi ya pande mbili yalishindwa kuuzaa. Nakiri kwamba hoja hii ina nguvu. Maadamu silaha hizi zipo, ni heri ziwe mahali pasipomlazimisha mtawala kuamka usiku wa manane akaamua hatima ya dunia kabla hajanawa uso. Tena ni kweli kwamba tangu 1945 dola kubwa hazijapigana ana kwa ana vita kama vile vilivyowamaliza watu mara mbili katika nusu moja ya karne, na asiyeshukuru kwa hilo ana moyo mgumu, ingawa watu wa Korea, wa Vietnam na wa Angola wangestahili kuulizwa kabla neno amani halijatumiwa kwa miaka hiyo yote.

Shukrani hiyo ilipelekwa mpaka kanisani. Tarehe 3 Mei 2019, katika Westminster Abbey, ilifanywa ibada ya kuadhimisha miaka 50 ya doria zisizokatika, na nje ya milango wakasimama waandamanaji, Wakristo wakiwa miongoni mwao, wakipinga. Mimi sina shaka kwamba mabaharia walioketi mle ni watu waadilifu; wamo ambao watoto wao walizaliwa wao wenyewe wakiwa chini ya maji, na subira yao yastahili heshima. Lakini anayemshukuru Mungu kwa jambo yampasa aweze kulitaja jambo hilo lote mbele Yake, na jambo lililoadhimishwa siku ile lilikuwa na sehemu mbili zisizotengana: miaka 50 ya kutopigwa, na miaka 50 ya kuwa tayari, kila saa, kuteketeza miji na waliomo. Sehemu ya kwanza yaweza kuombewa dua na mtu yeyote. Ya pili sijui ni kwa maneno gani mja angeiweka juu ya madhabahu.

Marekani nako lilitokea jambo ambalo, laiti lingekuwa limetungwa, watu wangesema mtungaji amepita kiasi. Jeshi la majini liliazimia kuiita nyambizi mpya ya nyuklia, iliyokuwa ya kuwinda manowari nyingine, kwa jina la mji wa Texas uitwao Corpus Christi, maana yake Mwili wa Kristo. Wakatoliki wengi walichukizwa, na mwaka 1982 jina likageuzwa kuwa City of Corpus Christi, yaani mji ule, ili ionekane kwamba ni mji uliotukuzwa na wala si Mwili. Chombo kikabaki kile kile. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Askofu Mkuu wa Seattle, Raymond Hunthausen, ambaye katika eneo la uaskofu wake mlikuwa na kituo cha nyambizi cha Bangor, alikuwa amekwisha kusema hadharani maneno makali mno dhidi ya nyambizi hizo, kisha akazuia nusu ya kodi ya mapato yake asiilipe serikali, ili mkono wake usiwemo. Huko Roma msimamo ulibadilika polepole. Mwaka 1982 Papa Yohane Paulo wa Pili aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba kuzuia vita kwa kitisho cha silaha za pande mbili kwaweza kuvumiliwa, mradi kuwe hatua ya njiani kuelekea kuzipunguza. Maaskofu wa Marekani wakaifuata fikira hiyo mwaka 1983 kwa masharti makali. Na mwaka 2017 Papa Fransisko akalaani hata kuwa nazo, akalirudia hilo Hiroshima tarehe 24 Novemba 2019. Hesabu ya vichwa vya nyuklia ilikuwa imepungua sana katika muda huo, na haki ni kulikiri hilo. Lakini kibali cha safari kilikuwa kimegeuka kibali cha makazi.

Sasa nije katika kiini. Wapo wanaojibu kwamba nia ninayoishutumu haipo, kwa kuwa mtawala mwenye akili hutisha tu, na moyoni anajua kwamba hatatenda. Denis Healey, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi kuanzia 1964 hadi 1970 na mmoja wa wale waliowekwa kuamua endapo Waziri Mkuu angeuawa, aliulizwa na mwanahistoria Peter Hennessy katika kipindi cha BBC cha mwaka 2008, akasema kwamba yeye asingelipiza. James Callaghan, aliyepata kuwa Waziri Mkuu, alisema kinyume: kwamba lau ingefika hapo pa kuona ni lazima angelifanya, lakini kama angebaki hai baada yake asingejisamehe kamwe. Na tarehe 18 Julai 2016 Theresa May, Waziri Mkuu wa wakati huo, aliulizwa Bungeni kama yuko tayari kuidhinisha pigo la kuua watu laki moja wasio na hatia, wanaume, wanawake na watoto, akajibu ndiyo, akaeleza kwamba kitisho hakina maana ila adui ajue kwamba mtu yuko tayari kukitimiza. Nawaheshimu wote watatu kwa kusema kweli. Lakini hebu mtazame Healey kwa makini. Yeye aliweza kuificha huruma yake kifuani, na adui asijue. Mabaharia hawana nafasi hiyo. Wao hufanyishwa mazoezi tena na tena: amri ifikapo, maofisa wawili huipokea na kuilinganisha na alama za siri zilizofungiwa chomboni, kamanda hutoa idhini, na ofisa wa silaha hushika mpini wenye umbo la bastola akavuta kifyatuo; wala nyambizi za Uingereza hazina kufuli la kufunguliwa kwa namba kutoka nchi kavu, kwa hiyo kinachohitajika chote kimo ndani yao. Kitisho hakisimami ila watu hao wawe wanakusudia kweli. Mtawala anayehadaa huazima nia ya kweli ya watu 130 ili uongo wake uweze kutisha, na hata kama mikono yake ni safi, amezitia nafsi zao katika lile aliloliona yeye kuwa halitendeki.

Wala lisisemwe kwamba nia iliyogawanywa kwa watu wengi hupungua ikawa si ya mtu yeyote: kwamba huyu alisoma amri tu, na yule alishikilia kina cha chombo tu, na wa tatu alivuta kifyatuo kwa kuwa wawili wa kwanza walikwisha kuthibitisha. Umar bin Khattab alipoletewa habari za kundi la watu wa Yemen walioshirikiana kumuua mtu mmoja aliwahukumu wote, na wanavyuoni wengi wakaifuata hukumu hiyo, kwa hekima iliyo wazi kwamba lau ushirika ungekuwa kinga, kila muuaji angetafuta wenzake.

Kimbilio linalobaki ni dharura. Kila aliyesoma fikihi kidogo ajua kwamba dharura huhalalisha yaliyoharamishwa: mwenye njaa ya kufa ale nyamafu. Lakini mafakihi hao hao waliweka mpaka ambao watu wa siasa hupenda kuusahau, kwamba anayelazimishwa kwa upanga amuue mtu asiye na hatia, na asipomuua atauawa yeye, hana ruhusa ya kumuua, kwa sababu roho yake haina bei kubwa kuliko roho ya mwenzake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisogea karibu zaidi na jambo letu katika kitabu chake cha misingi ya fikihi, al-Mustasfa. Alifikiri juu ya jeshi la adui lililojikinga kwa mateka wa Kiislamu wasio na kosa, hata ikawa wakiachwa watashinda na kuiangamiza kaumu nzima, mateka pamoja nao. Na aliona kwamba kupiga kwaweza kuruhusiwa, ila kwa masharti matatu kwa pamoja: dharura iwe ya hakika, jambo liwe yakini wala si dhana, na maslaha yanayookolewa yawe ya umma wote wala si ya kundi. Kisha akawataja watu waliomo katika chombo kinachozama, ambao lau wangemtupa mmoja wao wengine wangeokoka, akasema hilo halijuzu, kwa kuwa wanaookoka ni watu kadhaa tu na si umma.

Nimejaribu kuipitisha barua ya Waziri Mkuu katika mlango huo, ulio mwembamba kuliko milango yote ambayo fikihi iliwahi kuifungua mahali pa damu ya wasio na hatia, na haipiti. Dharura haipo, kwa kuwa barua hufunguliwa wakati ambapo waliotakiwa kuokolewa wamekwisha kufa, na pigo linalofuata haliwezi kumrudisha hata mtoto mmoja. Yakini haipo, kwa kuwa kamanda aliye chini ya maji huijua hali ya nchi yake kwa ukimya wa mawimbi ya redio. Yasimuliwa kwamba moja ya dalili anazotakiwa kuzisikiliza ni kama matangazo ya BBC bado yapo hewani, na ukimya, kila mtu ajua, una sababu nyingi. Na maslaha ya umma ndiyo yako mbali kuliko yote, maana moto wa miji kadhaa na mawingu yake ya sumu hauchagui kaumu. Tena mateka wa Ghazali hawakuwa shabaha. Walikuwa mbele ya shabaha. Katika kitisho tunachokizungumza, uhai wa wakazi wa miji ndio rehani yenyewe, na ukiiondoa rehani hiyo, kitisho hakibaki na cha kutisha.

Mwanafalsafa wa Marekani, Gregory Kavka, aliandika mwaka 1978 kwamba yawezekana ikawa sawa kuweka nia ya kutenda jambo ambalo kulitenda kwenyewe si sawa, ikiwa kule kuweka nia ndiko kunakozuia balaa. Ni fikira kali, na sijaona aliyeivunja kwa pigo moja. Ninachokiona ni kwamba inaichukua nia kuwa kitu ambacho nafsi hukishika na kukiachia ikabaki vile vile. Wenye kufunga na kusali wajua sivyo. Nia ya kila siku humlea mwenye kuinuia, na dola iliyonuia kwa vizazi vitatu kwamba miji ya wengine ni rehani yake hujikuta imezoea kuwafikiri watu hao kwa hesabu ya malaki, na hujikuta imewafundisha watoto wake wema kabisa, wale wenye nidhamu na subira, kwamba kilele cha uaminifu ni kutosita.

Na kusita ndiko kulikotuokoa. Tarehe 4 Julai 1961 nyambizi ya Kisovieti K-19, yenye kinu cha nyuklia na makombora, ikiwa kaskazini ya Atlantiki, ilivujisha maji yaliyokuwa yakikipoza kinu. Nahodha Nikolai Zateyev aliwaingiza vijana wake kwa zamu katika chumba cha kinu, pasipo mavazi ya kuwakinga, waunge bomba jipya la maji. Kazi ikafanikiwa, na wanane kati yao wakafa kabla ya mwezi kwisha, nyuso zikiwa zimevimba hata zisitambulike. Aliyekuwa chini ya nahodha kwa cheo, akayaona hayo kwa macho yake, ni Vasili Arkhipov. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Oktoba 1962, Arkhipov huyo alikuwa ndani ya nyambizi B-59 karibu na Kuba, chombo cha mafuta na betri, lakini kilichobeba torpedo moja ya nyuklia. Manowari za Marekani ziliangusha milipuko midogo ya kuilazimisha ipande juu. Joto ndani lilikuwa la kuzimisha watu. Mawasiliano na Moscow yalikuwa yamekatika. Na kwa masimulizi ya ofisa mmoja aliyekuwamo, nahodha Savitsky alidhani vita vimekwisha kuanza, akaamuru torpedo ile iandaliwe. Arkhipov alikataa, akamtuliza, na nyambizi ikapanda juu ya maji.

Najua mtetezi wa silaha hizi atasema kwamba mfano huu ni wake: kwamba utaratibu ulidai maofisa wakubaliane, na utaratibu ukafanya kazi. Na iwe hivyo. Lakini utaratibu ulichofanya ni kuacha nafasi ya mtu mmoja kusema hapana, na nafasi hiyo ilijazwa na mtu aliyewahi kuona kwa karibu jinsi mwili wa kijana unavyoharibiwa na nguvu hizi. Kama Arkhipov angekuwa baharia mkamilifu wa kitisho, asiyesita, ambaye adui anaweza kumtegemea kwa yakini kwamba atalipiza, sina hakika kama ningekuwapo kuandika haya. Amani ambayo nyambizi inajivunia imeshikiliwa, katika saa yake mbaya kuliko zote tunazozijua, na kitu ambacho nyambizi haitakiwi kuwa nacho.

Kwa hiyo naamini kwamba wajibu wa mtawala mcha Mungu ni kuandika kwamba asilipize, na kusema hadharani siku hiyo hiyo kwamba ameandika hivyo, asimwache baharia hata mmoja aendelee kubeba kwa ajili yake nia ambayo yeye mwenyewe haibebi. Jeremy Corbyn, kiongozi wa upinzani wa Uingereza wakati huo, alipotamka mwaka 2015 kwamba hangeitumia silaha hiyo alishambuliwa kwa kuwa ameivunja nguvu ya kitisho, na ni kweli, ameivunja. Hilo lina gharama, wala sitaki kuificha: dola iliyotupa silaha hii yaweza kutishwa na isiyotupa, yaweza kudhalilishwa, yaweza hata kupigwa. Yapo mambo ambayo kaumu yaweza kuyavumilia ikabaki kaumu yenye heshima, na kutishwa ni mojawapo. Afrika ya Kusini, ambayo utawala wake wa ubaguzi uliunda mabomu sita, iliyavunja yote kabla ya kukabidhi serikali kwa walio wengi, na sioni kwamba leo usalama wake unapungukiwa na mabomu hayo.

Sisi wa pwani hii ya Afrika Mashariki tusidhani kwamba tunatazama ugomvi wa nyumba ya mbali. Tarehe 16 Desemba 1971 Umoja wa Mataifa uliitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani, kwa ombi lililoletwa na Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, na kuungwa mkono na Tanzania. Lakini bahari iliyotangazwa haikusikilizwa, na mwezi wa Novemba 2018 Bara Hindi nalo lilitangaza kwamba nyambizi yake ya nyuklia, Arihant, imemaliza doria yake ya kwanza ya kitisho. Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutiwa sahihi mjini Cairo mwaka 1996 na kupata nguvu mwaka 2009, umezikataza silaha hizi katika bara lote la Afrika, na Kenya na Tanzania zimo. Hata hivyo mkataba huo umeacha mlango mmoja kwa hiari ya kila nchi, kwamba ijiamulie yenyewe kama manowari za kigeni zitaruhusiwa kutembelea bandari zake. Hapo swali la nia linawafikia mawaziri wetu, na makadhi wetu, na maaskofu wetu, kwa sababu anayempa mtu maji na gati akijua anachokwenda kukifanya naye ana fungu lake. Kwa mizani niliyoipimia barua ya Waziri Mkuu wa Uingereza, naona haijuzu Mombasa, wala Dar es Salaam, wala Zanzibar kukipokea chombo kilichobeba silaha hizo, kiwe cha dola adui au cha dola rafiki, hata kwa siku moja ya kuteka maji na kupakia mboga, hata kama ushuru wa gati ni mwingi na salamu za nahodha ni za adabu.